Anwani za Watu Waliomwona Kinda

Kila asubuhi Fundi Saa alianza siku yake mbele ya kompyuta. Alinawa uso, akavaa shati, akaketi kwenye kona ya sebule na kubonyeza kitufe. Kompyuta ile ilikuwa kuukuu. Ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, kama mtu anayeamshwa na hataki kuamka. Mwishowe kioo kilipata mwanga.

Jikoni, mkewe alikuwa akichemsha chai. Majirani wote walimwita Mama tu. Chai ikiiva, aliileta sebuleni na kuiweka mbali kidogo na kompyuta.

"Leo je?" aliuliza.

"Leo hakuna."

"Haya. Kunywa chai, isipoe."

Baada ya chai, Fundi alifungua mlango wa chumba cha mbele. Hicho ndicho kilikuwa karakana yake. Kulikuwa na meza ndogo, taa yenye shingo ndefu, na saa za watu zimetundikwa ukutani. Watu walipenda kukaa pale, kwa sababu Fundi alikuwa na maneno. Mteja akileta saa iliyosimama, aliiweka sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Hii haijafa. Imekuchoka wewe tu." Mteja alicheka. Fundi hakucheka. Alikuwa ameacha kucheka zamani, lakini mizaha yake iliendelea kutoka, kama kazi nyingine yoyote.

Fundi na Mama walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ni binti. Alifanya kazi hospitalini, kwa hiyo wote walimwita Muuguzi, hata baba yake. Wa pili alikuwa mvulana. Huyo walimwita Kinda, kwa sababu alipokuwa mdogo kinywa chake kilikuwa wazi muda wote, kinadai chakula. Alikua, akaota ndevu, na jina halikumwacha.

Kinda alipopata kazi ya ujenzi katika nchi ya mbali, baba yake alinunua kompyuta. Alijifunza kuandika kwa kidole kimoja. Barua pepe za Kinda zilikuja mara kwa mara. Fundi alizisoma kwa sauti, na Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akisikiliza. Halafu barua zikapungua. Halafu zikakatika. Simu yake haikuita tena. Kampuni iliyomchukua ilijibu kwa mstari mmoja tu: kijana huyo ameondoka kwetu, na hatujui alikokwenda.

Kuanzia hapo Fundi Saa alianza kuandika. Aliandikia ubalozi. Aliandikia hospitali. Aliandikia vijana ambao Kinda aliwahi kuwataja katika barua zake. Kijana mmoja alimpa anwani ya mwingine, na huyo akampa ya mwingine tena. Wengi hawakujibu. Waliojibu, Fundi aliwaweka katika kitabu cha anwani ndani ya kompyuta. Pembeni ya kila jina aliandika maneno machache. "Walilala chumba kimoja." "Alimwona kituo cha basi." "Mpishi wa kambi, mtu mwema."

Huyo mpishi alikuwa ameandika hivi: "Mzee, mwanao namkumbuka vizuri. Nikisikia lolote nitakuandikia." Baada ya hapo naye alinyamaza.

Mama alikuwa hajui kutumia kompyuta. Lakini alijua kwamba ndani yake wamo watu, na kwamba mmoja wao, siku moja, anaweza kusema neno.

Asubuhi moja kompyuta ilitoa sauti mpya. Tik, tik, tik. Kimya. Tik, tik. Fundi aliinamisha sikio. Maisha yake yote alikuwa akisikiliza vyuma vidogo vikitembea. Alijua kuwa chuma hiki kinagonga na hakiendi mbele.

Alimpigia binti yake simu.

"Kompyuta inaumwa," alisema.

"Ni ya zamani, Baba. Usihangaike. Jumamosi nitakuja na nyingine."

Jumamosi Muuguzi alikuja. Alikuwa ametoka kazini na miguu ilikuwa imemvimba. Alitoa kwenye mkoba kompyuta mpya, nyembamba, ya kubebeka kwa mkono mmoja. Aliiweka mezani mbele ya baba yake.

"Hii ni yako. Ile tuipumzishe."

Fundi aliitazama bila kuigusa. "Na barua zangu?"

"Barua hazikai ndani ya kompyuta, Baba. Zinakaa mtandaoni. Kule kazini nakaa mbele ya kompyuta yoyote, naandika neno langu la siri, nazikuta zote."

Muuguzi hakuwa anadanganya. Kwake ilikuwa hivyo. Aliwasha kompyuta mpya, akaandika anwani ya baba yake na neno la siri. Sanduku la barua likafunguka. Ndani mlikuwa na matangazo mawili ya biashara. Basi.

"Teremka chini," Fundi alisema.

"Hakuna chini, Baba. Mwisho ni hapa."

"Fungua kitabu cha anwani."

Alikifungua. Ukurasa ulikuwa mweupe. Katikati paliandikwa kwa herufi ndogo: hakuna anwani.

Mama alikuwa amesimama nyuma yao. "Wako wapi wale watu?" aliuliza.

Muuguzi aligeukia kompyuta kuukuu, akaiwasha. Tik, tik, tik. Kioo kikawa cheusi. Aliizima, akaiwasha tena. Sauti ikawa mbaya zaidi. Akaizima tena. Jasho lilimtoka.

"Acha," baba yake alisema.

"Mara ya mwisho, Baba. Labda safari hii..."

"Nimesema acha. Saa ikilia hivyo, usiitie ufunguo tena. Unaiweka chini."

Muuguzi aliondoa mkono. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba, umeandika miaka yote hii. Labda ni wakati wa kupumzika. Wote tupumzike."

Fundi aligeuka akamtazama.

"Kumbe wewe umeshamzika mdogo wako."

Muuguzi alifunika uso kwa mikono yake miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Baba yake hakumgusa. Alikuwa akitazama ule ukurasa mweupe.

Alivaa kandambili zake, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Alikwenda nyumba ya tatu kutoka kwao. Pale aliishi Mama Pacha, mwanamke aliyekuwa akisimamia kompyuta za chuo cha ualimu. Alikuwa akifua nguo za watoto.

"Mwanangu," Mama alimwambia, "watu wetu wamepotea ndani ya kompyuta. Nisaidie."

Mama Pacha alikausha mikono yake, akamfuata.

"Hodi wenyewe. Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Karibu, ingawa umetukuta vibaya."

Mama Pacha aliwasikiliza wote. Alimwuliza Fundi maswali machache. Ulikuwa ukifungua barua kwa programu gani? Nani aliiweka? Uliwahi kuzisoma kwenye kompyuta nyingine yoyote? Fundi alijibu kuwa programu iliwekwa na muuzaji siku ile ile ya kununua, na kuwa hajawahi kusoma barua zake popote ila pale kwenye kona.

"Basi nimeelewa," Mama Pacha alisema. "Dada, usijilaumu. Ulichosema ni kweli, lakini si kweli kwa kila mtu. Fikirieni sanduku la posta. Kuna mtu anakwenda posta, anasoma barua yake pale pale, anairudisha sandukuni. Akirudi kesho, barua bado ipo. Kazini kwako ndivyo mnavyofanya. Kuna mtu mwingine anaitoa barua na kwenda nayo nyumbani. Sanduku linabaki tupu. Fundi, programu yako iliwekwa ya namna hiyo. Kila barua uliyopokea ililetwa humu ndani, na kule mtandaoni ikafutwa."

"Na anwani?"

"Hizo hazikuwahi kufika posta hata siku moja. Uliziandika humu, zikakaa humu."

Fundi aliweka kiganja juu ya kompyuta kuukuu. "Kwa hiyo vyote vimo humu."

"Vyote vimo humu, na humu ndimo mnamogonga. Sitaki kuwadanganya. Diski, kile chuma kinachotunza kila kitu humu, ikigonga haina maisha marefu. Kila ukiiwasha unaikwangua. Mlipoiwasha mara nyingi leo, mliiumiza. Sasa msiiguse kabisa. Kesho asubuhi nitakuja na vifaa vyangu."

"Itapona?" Mama aliuliza.

"Haiponi, Mama. Tutajaribu kutoa mizigo yake kabla haijafa."

Siku ile Muuguzi hakurudi kwake. Alilala chumba chake cha zamani. Wakati wa chakula baba na binti walikaa meza moja bila kusemeshana, na Mama aliwapitishia chumvi kabla hawajaiomba.

Asubuhi Mama Pacha alikuja na waya, kisanduku kidogo cheusi na flashi mbili. Aliomba bisibisi ndogo. Fundi alimletea zake zote, zimepangwa kwenye kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu jana alisema maneno marefu: "Chagua. Hizi zimefungua saa za watu wakubwa." Mama Pacha alifungua kompyuta, akatoa diski. Ilikuwa kitu kidogo cha chuma, cha kujaa kiganjani. Aliiweka katika kisanduku cheusi, akakiunganisha kwa waya na kompyuta mpya. Orodha ya yaliyomo ikatokea kwenye kioo.

"Ingekuwa haiamki kabisa, ningesema tuipeleke kwa mabingwa wenye vyumba maalumu," alisema. "Ila hii imeamka, ingawa kwa shida. Huenda tukapata nafasi moja tu. Kwa hiyo niambieni sasa, kabla sijabonyeza. Nini kianze?"

"Una maana gani?" Fundi aliuliza.

"Siwezi kuvuta vyote kwa pamoja. Inaweza kufa katikati. Humu mna kitabu cha anwani. Mna barua ulizoandikiana na watu. Na mna folda moja, umeiandika jina la Kinda."

"Hizo ni barua zake mwenyewe," Muuguzi alisema. "Zote alizotuandikia."

Fundi alimtazama mkewe. Sauti ya mwanawe ilikuwa katika zile barua, na hakuwa na nyingine. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Anza na watu," Mama alisema.

"Mama Kinda, barua zake zikipotea..."

"Barua zake nazijua. Umenisomea mpaka zimeingia mifupani. Lakini wale watu siwajui. Wakipotea, nani atatuambia alipo? Anza na watu."

Fundi aliinamisha kichwa. Mama Pacha akabonyeza.

Diski iliguguna. Kwenye kioo mstari wa kijani ulisogea polepole. Mstari ulifika mwisho.

"Kitabu cha anwani kimetoka," Mama Pacha alisema. Hakutabasamu. Alikwenda moja kwa moja kwenye barua za watu. Mstari ulianza tena, ukasimama, ukaendelea, ukasimama tena. Ulifika mwisho.

"Zimetoka. Si zote, lakini nyingi."

Kisha akagusa folda ya Kinda. Mstari ulisogea kidogo. Tik, tik, tik. Ukasimama. Mama Pacha alisubiri. Fundi alikuwa ameinama sana, sikio lake karibu na kisanduku, na yeye ndiye aliyejua kwanza. Sauti ilipanda, ikawa nyembamba, kisha ikakatika. Kisanduku kikanyamaza.

"Imekwenda," alisema.

Jina la folda lilikuwa bado limeandikwa kwenye kioo. Walipoifungua, hapakuwa na kitu ndani.

Baadaye Muuguzi aliituma ile diski kwa mabingwa katika mji mkubwa, wakajibu kuwa imekwanguka, haisomeki. Lakini asubuhi ile Fundi hakuhitaji kuambiwa. Alinyanyuka, akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo.

Ndipo Mama alipoanza kusema, taratibu, kama anayeongea peke yake. "Barua ya kwanza alisema kule mvua hainyeshi, inamwagwa. Alisema viatu vyake vimeota ukungu. Alisema nisimwambie dada yake, maana viatu alinunuliwa na dada yake."

Muuguzi aliinua kichwa. "Hukuniambia."

"Alisema nisikuambie."

Mama Pacha aliwaacha kidogo. Halafu alivuta kiti. "Fundi, njoo ukae hapa. Kazi haijaisha. Tusipoimaliza leo, siku moja mtalia tena."

"Wewe fanya. Mimi nitaharibu."

"Siwezi kufanya. Nikifanya mimi, nitajua mimi peke yangu, wewe hutajua. Njoo."

Fundi alikuja. Mama Pacha aliweka katika kompyuta mpya programu ya barua kama ile ya zamani. Kisha akamwonyesha neno moja kwenye kioo: Ingiza. Fundi alilibonyeza kwa kidole chake kimoja. Programu iliuliza faili liko wapi, naye akalionyesha. Ghafla ukurasa mweupe ukajaa majina.

"Usifurahi bado," Mama Pacha alisema. "Kagua. Watu wengi wanaona majina wanafunga kompyuta. Fungua jina moja la juu, moja la katikati, moja la chini. Angalia kama anwani ni kamili na kama maneno yako ya pembeni yamekuja."

Fundi alifungua moja moja. Walilala chumba kimoja. Alimwona kituo cha basi. Mpishi wa kambi, mtu mwema. Alisoma yote kwa sauti ili mkewe asikie.

"Wapo," Mama alisema.

"Sasa tunatoa nakala," Mama Pacha aliendelea. "Bonyeza palipoandikwa Hamisha nje. Umeona? Kitabu chote kimekuwa faili moja dogo. Liweke kwenye flashi hii. Hii inabaki hapa nyumbani. Liweke na kwenye ile ya pili. Hiyo anaondoka nayo dada. Nyumba moja ikiungua, au mwizi akipita, nyingine ipo. Halafu tunaliingiza pia kwenye sanduku lako la mtandaoni, ili hata ukikaa mbele ya kompyuta ya jirani uwakute watu wako. Na hapa kwenye mipangilio, tunaiambia programu isifute tena barua kule posta. Ilete nakala, yenyewe iiache."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Kompyuta ya zamani ingekuwa nzima, tungemaliza kabla chai haijapoa. Unahamisha nje, unaingiza, unakagua, unatoa nakala. Ndipo unaiaga ya zamani. Watu wanaiaga kwanza. Hata kwangu, Fundi, usione nasema sana. Nyumbani kwangu kompyuta zimekunywa chai kuliko mimi. Wale mapacha hawana huruma. Ndiyo maana nina nakala za kila kitu."

Mama alicheka kidogo kwa adabu. Muuguzi alikuwa akiandika kwenye simu yake kila hatua.

Mama Pacha alipoaga, Fundi alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alimkuta binti yake amevaa viatu, tayari kuondoka. Walisimama mlangoni.

"Flashi unayo?" aliuliza.

"Ninayo, Baba."

"Itunze."

Muuguzi aliondoka.

Wiki ile Fundi aliandika barua moja, akaituma kwa watu wote waliokuwa katika kitabu. "Mimi ni fundi wa saa, baba yake Kinda. Nimebadilisha kompyuta na nimepoteza barua nyingi. Kama bado unaisoma anwani hii, nijibu hata neno moja, nijue kuwa upo."

Barua nyingine zilirudi zenyewe. Anwani zilikuwa zimekufa. Watu wachache walijibu: pole, Mzee, hatujasikia, Mungu akutie nguvu. Fundi aliweka alama kwa kila aliyejibu.

Siku moja, Mama alipoleta chai, hakuuliza kitu. Uso wa mumewe ulimtosha. Aliweka kikombe chini.

"Soma," alisema.

"Kaa kwanza."

Mama alikaa. Fundi alisoma. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma tangazo.

"Mzee wangu, ni mimi mpishi wa kambi. Nimekutafuta muda mrefu. Simu yangu ilianguka mtoni, na barua zako na anwani yako zilikuwa humo tu. Sikuiandika popote. Nilikumbuka kazi yako tu, lakini mafundi wa saa dunia nzima ni wengi. Barua yako ilipofika nilikaa chini. Nakuomba nawe ukae na mama. Mwanao alifariki. Alianza kukohoa, kampuni ikamwondoa, akaenda kambi nyingine milimani. Huko mapafu yalimzidia. Wenzake walimpeleka hospitali, wakamuuguza, wakamzika. Wanasema kila siku alikuwa akisema atawaandikia akipona. Hakutaka mumwone mgonjwa. Nimefika kaburini mwenyewe. Picha hii hapa. Nilitaka kukuambia tangu siku niliyosikia, sikujua nikuambie wapi."

Fundi aligeuza kompyuta, mkewe aone. Ilikuwa picha ya udongo mwekundu, mawe yamepangwa pembeni, na miti myembamba nyuma yake. Mama aliitazama muda mrefu. Aligusa kioo kwa ncha ya kidole. Kisha akateremka kwenye kiti, akakaa sakafuni, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kulia, ilikuwa ya mtu anayetua mzigo na mgongo ukamuuma.

Muuguzi alifika akiwa bado na sare ya kazi. Fundi alimpokea mlangoni. Alimshika mikono.

"Siku ile nilikusema vibaya," alisema.

"Nilikuwa nimechoka kungoja, Baba. Sikutaka iwe kweli."

"Najua. Na mimi nilijua. Nilikuwa naogopa mtu alitaje neno hilo, kifo."

Walilia pamoja pale pale mlangoni, chini ya saa za watu.

Majirani walikuja. Walikaa, wakapika, wakafagia, wakaondoka. Mama Pacha alichapisha ile picha kwenye karatasi ngumu, akaileta. Nyumba ilirudi kuwa kimya, lakini kimya chake kilikuwa kingine. Mama aliweza kusema "marehemu mwanangu". Miaka yote hakuwa amejua amwiteje.

Asubuhi Fundi hakuwa na sababu ya kuwasha kompyuta. Aliinywa chai yake akitazama ukuta. Ni Mama aliyemwambia, "Iwashe. Nataka kumwandikia yule mpishi."

"Umwandikie nini? Ameshatuambia."

"Ametuambia alivyokufa. Muulize alikuwaje. Alikuwa anakula? Alikuwa anacheka? Walikuwa wanaongea nini? Andika."

Fundi aliandika kwa kidole kimoja, neno kwa neno, kama alivyoambiwa.

Siku zilipita. Karakana ilifunguliwa tena. Mteja akija na simu mpya mkononi, Fundi alimwuliza kwanza kama anwani zake ameziweka mahali pengine. Wengine walidhani huzuni imemvuruga. Wengine walikwenda nyumbani wakatoa nakala.

Jibu la mpishi lilikuja siku ya mvua. Muuguzi alikuwepo. Fundi aliifungua barua, akaona ni ndefu, na kabla ya kuisoma akachomeka flashi.

"Umeshaiweka?" Mama aliuliza.

"Nimeiweka. Na dada yake nimemtumia."

"Imefika kwangu, Baba," Muuguzi alisema akitazama simu yake.

"Sasa soma. Soma polepole."

Fundi alivaa miwani. "Mama yangu, umeniuliza kama alikuwa anakula. Mwanao hakula bwaloni na wenzake. Alisema bwaloni watu wanakula kama wanakimbizwa. Alikuja jikoni kwangu, akakaa juu ya gunia la vitunguu, akajitolea kumenya viazi. Hakujua kumenya. Kiazi kikubwa kikiingia mikononi mwake, kilitoka kama gololi. Kila siku nilimfukuza jikoni, na kila siku alirudi."

Mama alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akaziba mdomo kwa kitenge, na machozi yakaja juu yake. Muuguzi alimsogelea, akamwegemea begani.

"Rudia hapo," Mama alisema. "Hapo pa viazi."

Fundi Saa akarudia.